Walininyanyulia Gari, Ekseli Ikahama

Niliwaacha nimesimama langoni kwangu, begi begani, mdomo wazi. Aliyeikosa sehemu ile nampa kwa ufupi, maana mambo ni mengi na ukurasa ni mdogo.

Mimi ni dereva. Gari ni langu, lile la kupanda milima ambalo magurudumu yote manne yanasukuma, na nililinunua kwa jasho langu kabla sijaolewa. Kazi yangu ni kuwapeleka mafundi wa mnara wa simu juu mlimani, njia ya mawe na kona ambayo madereva wengine huitazama wakakumbuka kuwa wana shughuli nyumbani.

Mume wangu hapa namwita Bwana, kwa kuwa ndivyo anavyopenda kuitwa. Katika sehemu ya kwanza aliachishwa kazi. Sehemu ya pili yote alikaa kwenye kochi. Katika sehemu ya tatu akapata marafiki. Heri angebaki kwenye kochi.

Nikaenda kumuuguza dada yangu, nikamwachia Bwana ufunguo. Niliporudi, gari langu lilikuwa limerefuka.

Sisemi limebadilika rangi au limeoshwa. Limerefuka. Boneti niliyokuwa naifuta vumbi bila kunyoosha mkono, sasa ilinifika kidevuni. Chini yake mbuzi angepita bila kuinamisha pembe.

Bwana alikuwa ameegemea mlango, amevaa fulana mpya yenye picha ya gari likiruka tope. Tumbo lake lilikuwa limelinyoosha tope hilo likawa bahari.

"Karibu, mke wangu. Umeona?"

"Nimeona. Nani amemsimamisha punda wangu juu ya magongo?"

Akacheka kile kicheko chake cha mtu anayesubiri kupigiwa makofi.

"Tumelinyanyua. Springi ndefu, shokapu ndefu, zote mpya. Sasa hili si gari, ni mnyama. Komando mwenyewe amesimamia kazi."

Niwajulishe Komando. Hajawahi kuwa askari hata wa lango. Anauza magodoro. Ila ana buti za kijeshi, suruali ya madoadoa, na sauti ya kutoa amri, na kwa hayo matatu amewakusanya wanaume wazima kumi na kitu wanaojiita Chama cha Simba wa Tope. Kila mwisho wa juma wanakwenda mahali penye dimbwi, wanapiga picha, wanarudi.

"Springi zangu za zamani ziko wapi?" nikauliza.

"Za nini tena? Komando amezichukua akazitupe."

"Na nani alikuomba ulinyanyue?"

"Shukrani ya punda," akasema, akaingia ndani.

Nikataka kupanda niwashe. Mguu haukufika. Mimi, ambaye nimeendesha gari lile hata nilipokuwa na bandeji gotini, nilisimama pembeni ya mlango wangu kama mtoto anayesubiri kubebwa. Dirisha la sebuleni likafunguliwa.

"Kuna stuli hapo nyuma ya tairi!" akaita Bwana. "Nimekuchongeshea!"

Alikuwa amefikiria kila kitu, mpenzi wangu.

*

Kesho yake asubuhi nililitoa barabarani. Sikufika mbali kabla sijajua kuwa nina mgonjwa.

Kwanza, usukani. Nikienda mbele moja kwa moja, usukani ulikuwa umelala upande kama kichwa cha mtu anayesinzia ibadani. Nikiunyoosha, gari linaelekea mtaroni.

Pili, kona. Gari zima ukimaliza kona ukilegeza mikono, usukani hurudi wenyewe katikati. Hili lilimaliza kona likaendelea kukata. Nililirudisha kwa nguvu, likavuka upande wa pili, nikalirudisha tena. Lori la maji likapita, upepo wake tu ukatusukuma nusu ya barabara. Ukuta wa shule niliuona kwa karibu kiasi cha kusoma maandishi ya wahuni.

Nikasimama kituo cha mafuta. Mwanamke anayejaza mafuta alilitazama kwa nyuma, akainamisha kichwa, akalitazama tena.

"Dada, samahani. Gari lako linaangalia kule, linakuja huku."

"Unasemaje?"

"Nimeliona likiingia. Linatembea kama kaa."

Nikazunguka nyuma. Tairi la kulia limechomoza nje ya bodi, nikaweka vidole viwili. La kushoto limejificha ndani. Nikaenda mbele. Kinyume chake: la kushoto limechomoza, la kulia limejificha. Ekseli ya mbele, kile chuma kinachobeba magurudumu mawili, imekwenda kushoto, ya nyuma imekwenda kulia. Bodi imekaa katikati kama mtoto wa wazazi waliotengana.

Nikaenda karakana ya alaimenti, wanakonyoosha magurudumu, ile yenye vigae sakafuni na mashine ya skrini. Mwenyewe alivaa koti jeupe, ungedhani anang'oa meno. Alifunga vioo vyake kwenye magurudumu, akabonyeza, akazunguka na spana, akabonyeza tena.

"Kijani tupu, mama. Limekaa sawa."

"Sasa mbona mbele limekwenda kushoto na nyuma limekwenda kulia?"

"Skrini inasema kijani."

"Skrini italiendesha mlimani?"

Akasogea karibu, akashusha sauti kama anayenipa siri ya ndoa. "Mama, mimi nanyoosha tairi zitazame mbele na usukani ukae katikati. Ekseli kama imehama chini ya bodi, hiyo si kazi yangu. Mimi napima miguu, sipimi mwili."

"Na hili la kona kutorudi?"

"Utazoea."

Neno hilo lingeandikwa juu ya mlango wake, watu wangeokoa muda.

*

Mchana nilitandika gunia uani, nikaingia chini ya gari. Kwa hili ule urefu ulinifaa, niliingia bila kubana pumzi. Sikuhitaji mashine. Nilihitaji macho na hasira, na vyote nilikuwa navyo.

Nilipotoka, barazani kulikuwa na mkutano. Komando amekaa kiti changu, Bwana amekaa ubavuni mwake kama karani, na mama mkwe wangu ameegemea mto akichambua mboga. Mama mkwe yule, wasomaji wangu wa zamani mnamjua: miaka yote ya ndoa yangu hajanisifu hata chumvi.

"Shemeji!" akapaza sauti Komando. "Tunasikia mnyama amekushinda."

"Mnyama hajanishinda. Mnyama amevunjwa kiuno."

"Hiyo ni hofu. Gari likiwa juu, wanawake huona kizunguzungu."

Nikafuta mikono. Nikalichukua stuli langu la heshima, nikaliweka karibu na ukuta.

"Komando, simama hapa chini kwanza, ubavu kwa ukuta. Nyoosha mkono ulale sawa na bega, kiganja ukutani. Usikikunje kiwiko."

Akamtazama Bwana, akacheka, akasimama. Mtu wa sifa humpeleki pengine ila mbele ya watu.

"Sasa panda juu ya stuli. Kiganja kibaki palepale kilipo, wala usikunje mkono."

Akapanda. Mkono ukashuka mshazari, na mwili wake wote na buti zake ukavutwa kuelekea ukutani. Akayumba, akaparamia ukuta kwa bega.

"Ndicho mlichofanya," nikasema. "Chini ya gari, mbele na nyuma, kuna mkono wa chuma. Ncha moja imefungwa kwenye fremu, ncha nyingine kwenye ekseli, ili ekseli isicheze huku na huku. Ulikuwa umelala sawa. Mmepandisha fremu, mkono umekuwa mshazari, urefu ni uleule. Basi umeivuta ekseli upande. Wa mbele umefungwa kwenye fremu upande wa kushoto, umevuta kushoto. Wa nyuma umefungwa kulia, umevuta kulia. Gari linatembea kama kaa."

Mama mkwe akaacha mboga.

"Na kona je?" akauliza. Sikuamini masikio yangu, ila alikuwa ameuliza yeye.

"Kona ni hivi, mama. Uma wa baiskeli umeegemea nyuma kidogo, ndiyo maana baiskeli hutulia hata mtu akiachia mikono. Walipolipandisha gari, ekseli ya mbele ikazunguka ikainamisha uso. Ule mwegemeo umekwisha. Magurudumu hayana tena hamu ya kurudi katikati."

"Nadharia," akasema Komando, bado anapangusa chokaa begani.

"Si nadharia. Anayenyanyua gari hubadilisha na ile mikono, huweka mirefu inayorekebishika kwa kuzungushwa. Na huweka bushi maalumu, vile vipira vya kwenye maungio, za kuirudisha ekseli uso wake. Vitu hivyo huja pamoja na springi. Bwana, kwenye boksi hamkuviona?"

Bwana akajikuna shingo. "Kulikuwa na vyuma viwili vyekundu na vijipira fulani. Komando alisema si vya kwetu, vimeingia kwa bahati mbaya."

Komando akaanza kutafuta funguo zake.

Gari la Komando lilikuwa langoni. Ni aina ileile kama langu, baba mmoja mama mmoja, na limenyanyuliwa vilevile. Sikumuaga. Nilichukua gunia langu, nikaenda, nikalitandika, nikaingia chini ya gari lake mbele ya majirani wote.

Vyuma viwili vyekundu. Vipya. Rangi haijapata hata vumbi la kutosha. Na kwenye ekseli ya mbele, bushi nyeusi zinang'aa kama macho ya paka.

"Toka huko!" akafoka Komando. Amri ya kijeshi, kutoka kwa muuza magodoro.

"Mwizi," nikasema kutoka chini. Niliisema taratibu, niipate ladha yake.

Nikatoka nikimtarajia Bwana amshike ukosi. Nilitarajia. Mtu akiolewa hubaki na tabia ya kutarajia.

Bwana alikuwa ananitazama mimi.

"Kwa nini unanidhalilisha mbele ya rafiki yangu?"

"Amekuibia vyuma!"

"Hajaiba." Akavuta chini fulana yake. "Nilimpa mimi. Kilikuwa kiingilio."

"Kiingilio cha nini?"

Nililitazama lile tope lililonyooshwa kifuani mwake, nikaelewa. Mume wangu alikuwa ametoa kiuno cha gari langu apewe fulana.

Najua wapo watakaoniandikia kunishauri uvumilivu. Msijisumbue. Sikulia, sikupiga kelele. Kuna dharau inayokuja imepoa kama maji ya mtungi, na ukishaionja, hasira unaiona uchafu. Nilimwangalia Bwana kama ninavyoangalia tairi lililokwisha: halina kosa, limekwisha tu.

Nikampigia simu msimamizi wa mafundi wa mnara. Nikamwambia gari ni bovu, kesho sipandi. Akasema sawa, pole. Nikaweka ufunguo chini ya mto wangu, nikalala.

*

Asubuhi, chini ya mto palikuwa na shuka tu.

Uani palikuwa na stuli tu.

Nikampigia tena msimamizi.

"Si gari limeshaondoka?" akashangaa. "Bwana wako alinipigia jana jioni, akasema gari limeshatengenezwa, ila wewe unaumwa na anaendesha yeye. Mafundi wangu wawili amewachukua alfajiri. Akasema hata mama yake yumo, anakwenda kuona mnara."

Ndipo nilipokumbuka kuwa sijasikia kikohozi cha mama mkwe tangu niamke. Chumba chake kilikuwa wazi, kitanda kimetandikwa, kilemba chake cha sherehe hakipo msumarini. Alikuwa amevaa kwenda kumwona mwanawe akiwa dereva.

Bwana hajawahi kuendesha kwenye mlima ule. Hata siku tuliyopeleka kreti za soda kule juu alikaa nyuma, macho kafumba, akidai mwanga unamwumiza.

Nilikimbia hadi duka la magodoro. Ndiyo, kwake. Mji mzima gari lililobaki linaloweza kuupanda mlima ule lilikuwa moja, na mikono yake ya chuma ilikuwa yangu.

Komando alikuwa ndio kwanza anapanga magodoro nje, amevaa kandambili. Bila buti alikuwa mtu mdogo tu.

"Washa gari. Bwana amewapandisha watu mlimani."

"Na lile gari?"

"Ulifikiri amewabeba mgongoni?"

Akageuka rangi ya jivu. Basi alijua. Siku zote alijua linavyoendeshwa gari lililonyanyuliwa bila vyuma vile. Ndiyo maana alivitaka.

"Shemeji, mimi... ule mlima..." Akatazama huku na huku, wateja wasisikie. "Mimi sijawahi kupanda mlima."

"Nini?"

"Huwa tunaishia kwenye dimbwi. Tunapiga picha, tunarudi."

Nikanyoosha kiganja. Akaweka ufunguo juu yake. Nikamsukumia kiti cha abiria, maana jicho la pili lingehitajika, hata la aina ile.

Na lile gari lilikwenda, jamani. Lilikwenda mbele kama uzi wa fundi cherehani. Ukikata kona ukilegeza mikono, usukani unarudi wenyewe kwa adabu. Kila lilipotii, nilizidi kumchukia aliyekaa kushoto kwangu, ameng'ang'ania mpini wa dirisha, anasali kwa kunong'ona.

Lami ilipokwisha ikaanza njia ya vumbi, nikaona alama zao. Gari lililonyooka huacha mistari miwili, ya nyuma ikifuta ya mbele. Vumbini palikuwa na mistari minne. Kaa alikuwa amepita.

Niliifuata ile mistari kona baada ya kona. Kona ya kwanza ilitambaa hadi ukingoni ikarudi. Ya pili ilikwaruza ukuta wa mwamba, rangi ya gari langu imebaki kwenye jiwe. Ya tatu, ile tunayoiita Goti kwa jinsi inavyokunja, mistari haikukunja.

Nikafunga breki.

Gari langu lilikuwa limesimama ukingoni, gurudumu moja la mbele linaning'inia hewani juu ya korongo. Mafundi wawili wa mnara walikuwa wameng'ang'ania bampa ya nyuma kwa uzito wao wote. Mama mkwe amekaa kwenye jiwe, kilemba chake cha sherehe magotini. Bwana bado yumo ndani, mikono miwili kwenye usukani, kama vile kuna mahali anakwenda.

"Alikunja," akasema mmoja wa mafundi, yule mrefu, jasho linamdondoka. "Halafu gari likaendelea kukunja lenyewe. Akarudisha, likapitiliza. Sisi tuliruka, bibi tukamtoa. Yeye hatoki."

"Kwa nini hatoki?"

"Anasema nahodha haachi chombo."

Nilikwenda dirishani, polepole. Uso wa Bwana ulikuwa mweupe kwa vumbi na mweusi kwa jasho.

"Toka."

"Nikitoka litakwenda. Uzito wangu ndio unaolishikilia."

"Uzito wako uko mbele, Bwana. Unalisukuma."

Akafikiri. Niliuona mchakato ukipita usoni mwake kama konokono ukutani. Lakini hakutoka. Miguu ilikuwa imekataa. Basi nilijua nitalivuta naye akiwa ndani.

"Komando! Fungua winchi."

Mbele ya gari la Komando, tangu nilijue, kuna winchi kubwa nyekundu, mashine ya kuvutia magari kwa waya, yenye ndoano. Wanachama wote hupiga picha nayo. Komando alisimama pale kandambili zikiwa upande.

"Shemeji, ile..."

"Ile nini?"

"Ni ganda tu. Ndani hamna kitu."

Fundi mrefu, huku ameshikilia bampa, akaanza kucheka. Alicheka hadi mwenzake akamwomba anyamaze, gari linatikisika.

Tulitumia kamba ya mafundi, ile ya kupandishia vyombo vya mnara. Niliikunja mara mbili, nikaifunga kwenye ndoano ya nyuma ya gari langu na chini ya fremu ya gari la Komando. Nikamwambia Bwana aweke gia huru, aachie breki nikipiga honi, asiguse usukani hata nzi akimtua puani. Mara moja maishani mwake afanye nililosema.

Nikapanda kwenye usukani wa gari la Komando, na mama mkwe akasimama kando ya mlango.

"Mkwe wangu," akasema. Hajawahi kuniita hivyo bila kisa nyuma yake. "Ni mjinga, lakini ndiye niliye naye."

"Najua, mama. Sogea pembeni."

Nikaweka nguvu ya magurudumu yote manne, gia ya kwenda nyuma. Nikapiga honi. Kamba ikakaza, ikalia. Mawe yakatoka chini ya matairi yakaenda korongoni, na sikusikia yakifika. Kwa muda hakuna kilichosogea. Kisha gari langu likatetemeka, likakwaruza tumbo juu ya ukingo, gurudumu likashika mwamba, likapanda. Nikaendelea kuvuta hadi likakaa katikati ya njia, mshazari, linaangalia kule linakuja huku, lakini zima.

Nikazima injini. 

Bwana akafungua mlango. Akashuka kwa kuteleza, maana stuli liko nyumbani. Akaja akiyumba kutuelekea. Mafundi wakampisha kwa heshima, kama anavyopishwa mtu aliyetoka kaburini. Mama yake akafungua mikono.

Nakiri, nilishuka kwenye gari. Nilisimama. Mtu akiolewa hubaki na tabia ya kutarajia, nimeshasema.

Bwana akampita mama yake. Akanipita na mimi. Akasimama mbele ya Komando.

"Umepiga picha?"

Nikadhani korongo limenichezea masikio.

"Nimepiga," akajibu Komando kwa sauti ndogo, simu mkononi. "Likiwa linaning'inia, na likipanda."

"Ile ya likipanda. Mtumie sasa hivi, kabla hajaghairi."

"Mtumie nani?" nikauliza.

Wakatazamana. Hao wanaume wawili, mmoja amevaa tope la kuchapwa na mwingine kandambili, walitazamana kama watoto waliokutwa na sufuria tupu.

"Nimeuliza, mtumie nani?"

"Nilikuwa nitakwambia," akasema Bwana. "Unafikiri nililinyanyua kwa ajili ya chama? Yule mtu alisema gari fupi halitaki. Alilitaka refu, na alitaka kuliona likiwa mlimani. Leo ndiyo ilikuwa siku."

"Mtu gani?"

"Mnunuzi."

Fundi mrefu aliacha kukunja kamba.

"Umeuza gari langu."

"Sijauza. Nimekubaliana naye tu. Anakuja kulichukua jioni." Akatazama saa. "Pengine ameshafika nyumbani, anatusubiri."

Matusi yote niliyokuwa nayo yalikuwa madogo, ya kumtosha mtu mwingine.

Nyuma yangu nikasikia jiwe likisogea. Nikageuka.

Mama mkwe alikuwa ameinama, mkono mmoja kwenye mwamba, taratibu, bila haraka yoyote, anavua kiatu, macho kwa mwanawe.